Anayefukuza Ndege na Anayelipa Kuwatazama

Punje za mpunga zinapoanza kujaa maziwa katika Bonde la Kilombero, kuna kazi moja isiyojua Jumapili wala sikukuu: kuamia ndege. Kuanzia Michenga hadi ng'ambo ya mto, mashamba hujaa makelele. Wakubwa kwa watoto hushinda juu ya dungu au chini ya kibanda cha nyasi, wakipiga madebe, wakirusha madongo kwa kombeo, wakipaza sauti tangu alfajiri mpaka ndege waende kulala. Kwelea na kwera hawaoni huruma na jasho la mtu; ukisinzia kidogo tu, kundi limekwisha kushuka. Na katika bonde hilohilo huja watu wa namna nyingine, baadhi yao wamepanda ndege ili waje watazame ndege. Huamka alfajiri ileile, wakasimama kando ya matete huku mbu wakiwala miguu, darubini shingoni na daftari mkononi. Hawawindi, hawafugi, hawali. Hutazama, huandika, wakaenda zao. Mkulima akiuliza wanalipwa kiasi gani kwa kazi hiyo, huambiwa kwamba wao ndio waliolipa. Hapo kicheko hakizuiliki, na kicheko chenyewe kina hoja. Mtu mzima mwenye akili timamu anapata nini kwa kumkodolea macho mdudu wa shamba mwenye mabawa?

Swali hilo haliwahusu watazama ndege peke yao. Kila jamii ina watu wake ambao burudani yao huwaacha wengine midomo wazi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na inayolipita bonde hili kwa Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ina wapenzi wanaovuka bahari ili waisafiri kilomita zake 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na treni ikichelewa wao hawanuni, maana hawakuwa wakienda popote. Uingereza wamo watu wanaosimama mwisho wa jukwaa la stesheni, kwenye mvua, wakiandika namba za injini zinazopita. Mwaka 1942 karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern, Ian Allan, alichapisha kijitabu cha namba hizo na kikanunuliwa kama karanga. Kwetu wapo wanaofuga njiwa wasiowachinja wala kuwauza, na wapo wanaoshinda na ndoana kwenye kingo za mto ilhali samaki wa sokoni ni rahisi kuliko chambo. Kiswahili chenyewe kinaonekana kuwa na mashaka na watu hawa. Neno uraibu, ambalo vitabu vya shule hulitumia kwa burudani aipendayo mtu, ndilo hilohilo tunalolitumia kwa mtu aliyenaswa na dawa za kulevya. Na wazee walikwisha kusema kwamba kipendacho roho hula nyama mbichi: hawakusifu, hawakulaani, waliinua mikono tu.

Lakini kuinua mikono si kueleza. Ukichunguza kwa nini burudani fulani inatuchosha, utakuta sababu haimo katika burudani yenyewe, imo katika jicho letu. Mchezo wa bao ni ushahidi wa karibu. Kwa asiyeujua, bao ni wazee wawili wanaohamisha kete kutoka shimo hadi shimo mpaka adhana ya alasiri. Kwa anayeujua, ubao ule wa mashimo 32 na kete 64 ni uwanja wa vita ambao kila namu na kila mtaji unabadilisha hesabu ya ubao mzima, na mchezaji hana ruhusa ya kuhesabu kete kwa kidole. Anapaswa kuifuata njia yake yote kichwani kabla mkono haujagusa shimo. Mholanzi Alexander de Voogt alipowafuata mafundi wa bao wa Zanzibar, alitoka na tasnifu ya udaktari, iliyokubaliwa Leiden mwaka 1995, na alichokuwa akikitafuta ni mipaka ya akili ya binadamu. Mambo ni yaleyale, ubao ni uleule. Mmoja anaona uvivu wa barazani, mwingine anaona akili ikifikishwa ukingoni mwake. Kinachowatenganisha ni kwamba mmoja amejifunza kuona tofauti kati ya namu hii na ile, na mwenzake bado. Mtu anaposema jambo fulani linachosha, mara nyingi anachokiri ni kwamba hajui kulitofautisha. Kwake yote ni mamoja, na kitu kilicho kimoja siku zote kitamchosha yeyote.

Bonde la Kilombero limetoa mfano wa jambo hili ambao ni vigumu kuupata kwingine. Kabla ya daraja lenye jina la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, kila aliyetaka kutoka Ifakara kwenda Lupiro na Mahenge alipaswa kungoja kivuko. Kwa miaka mingi watu wasiohesabika walikaa pale Kivukoni saa nzima au zaidi, wakinunua miwa na samaki wa kukaanga, huku kwera wakipiga kelele kwenye matete ya ukingoni. Walipita wakulima, mapadri, maofisa wa kikoloni, wataalamu wa kilimo na madaktari. Wote waliwaona kwera wale. Ni mwaka 1990 tu ndipo Neil Baker na mkewe Liz, wapenzi wa ndege waliojitwisha kazi ya kukusanya kumbukumbu za Atlasi ya Ndege wa Tanzania, walipochapisha maelezo kwamba baadhi ya kwera hao si wale wanaojulikana kwingineko. Dume ana rangi ya njano na kinyago cheusi usoni na kidevuni, jambo ambalo kwera wengi wa Afrika wanalo; tofauti ilikuwa katika ukubwa wa kinyago, katika mwili, katika mahali pa kuishi. Leo anaitwa kwera wa Kilombero, Ploceus burnieri, na duniani kote hana kwao pengine isipokuwa matete ya bonde hili. Hakuwa amejificha. Alikuwa akiimba mbele ya foleni.

Hadithi ya ndege wawili wengine ni ya subira kubwa zaidi. Katika majani marefu ya tambarare ileile huishi vindege vidogo vya rangi ya kahawia, vya jamii ambayo hata watazama ndege wenyewe huichekea kwa kuwa wote wanafanana mno. Tangu miaka ya 1980 wachache waliotega sikio waligundua kwamba wawili kati yao wana sauti isiyolingana na ya ndege yeyote aliyeandikwa vitabuni. Kusikia hakutoshi kuishawishi sayansi. Ilibidi sauti zirekodiwe, miili ipimwe, vinasaba vilinganishwe, na kazi ikaendelea kizazi kizima. Mwaka 2021 kundi la watafiti likiongozwa na Jon Fjeldså wa Denmark liliwatangaza rasmi: Cisticola bakerorum, jina la heshima kwa akina Baker, na Cisticola anderseni. Spishi tatu za ndege, basi, zinazojulikana katika bonde moja tu, na safari ya kila mmoja wao hadi kitabuni ilianza kwa mtu aliyekubali kusimama muda mrefu kuliko inavyoelekea kuwa na maana, akitazama kitu ambacho jirani yake angekiita ndege tu.

Hapa yafaa kuchukua tahadhari, maana mfano huu unaweza kusomwa vibaya, kana kwamba wageni wana macho na wenyeji ni vipofu. Milima ya Udzungwa, inayolitazama bonde hili kutoka magharibi, inakanusha hilo waziwazi. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia msituni mlio wasioufahamu. Mwenyeji waliyekuwa naye hakuwa na haja ya kufikiri, akawaambia kuwa huyo ni n'golaga. Tumbili yule leo anajulikana kwa jina la kijiji cha Sanje, kando ya barabara ya kwenda Ifakara. Mwaka 1991 wanasayansi kutoka Denmark walikuwa wakila katika kambi ya msituni wakaona ndani ya sufuria miguu ya ndege wasiyemjua. Walikuwa wanakula kwale ambaye sayansi haikuwa na habari zake; alitangazwa mwaka 1994, na ilibainika kwamba ndugu zake wa karibu wako Asia. Waliomtega na kumpika walimjua vizuri sana, hata utamu wake. Na mwaka 2005 tumbili kipunji alitangazwa kwa jina hilohilo ambalo wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimwita. Ujuzi, basi, ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali lisilo na faida ya papo hapo, akaliandika jibu, na kulifuatilia hata pale ambapo tumbo lilikwisha kushiba. Hiyo ndiyo tabia ya mwenye uraibu: anaendelea kuuliza baada ya wengine kutosheka.

Kwa mji wa Ifakara tabia hiyo haipaswi kuwa kioja. Mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi, Rudolf Geigy, alifika hapa mwaka 1949, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Vizazi vya vijana wa bonde hili wamelipwa kukaa usiku kucha wakinasa mbu, kuwahesabu na kuwatenganisha. Kwa anayelala bila chandarua, mbu ni mbu. Kwa waliojifunza kutazama, kuna Anopheles funestus na kuna Anopheles arabiensis, na huyu wa pili anafanana na Anopheles gambiae kiasi kwamba hata chini ya hadubini hawatenganishiki; ni maabara ya vinasaba tu inayoweza kuwatofautisha. Tofauti hizo si za kujifurahisha. Ni kwa kuzishikilia ndipo watafiti wa Ifakara walipogundua kwamba funestus, ingawa mara nyingi si wengi kama arabiensis, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya malaria ya bondeni. Bila shaka kunasa mbu ni kazi yenye mshahara, nayo burudani ni burudani. Lakini jicho linalotumika ni lilelile, na mji uliojenga sifa yake ulimwenguni kwa kutofautisha mbu na mbu hauna sababu ya kumshangaa anayetofautisha kwera na kwera.

Mpinzani makini atasema kwamba hoja hii inadanganya kwa kuchagua mifano. Katika watazama ndege elfu, ni wangapi watagundua spishi mpya? Wengi watazeeka na madaftari yaliyojaa majina ya ndege waliokwisha kujulikana zamani. Mwandika namba za treni hatagundua kitu, na bingwa wa bao atakufa na ubingwa wake. Hilo ni kweli, na ndiyo maana faida haifai kuwa nguzo ya utetezi huu. Anayetetea burudani kwa faida yake amekwisha kushindwa, kwa kuwa amekubali kwamba kila saa ya binadamu lazima itoe stakabadhi. Faida hapa ni kama samaki anayeingia kwenye ngalawa mwenyewe: akija tunamshukuru, lakini hatukutweka tanga kwa ajili yake. Kwera wa Kilombero hakugunduliwa kwa kuwa kulikuwa na mpango wa kumgundua. Waliomwona walikuwa tayari wanapenda kutazama, wakamwona. Ungewaambia watu wale watazame pale tu penye matumaini ya matokeo, wasingesimama Kivukoni asilani, maana pale palikuwa pahala pa kawaida kupindukia. Matokeo machache yanatokana na saa nyingi zisizo na matokeo, na hakuna anayejua mapema ni saa ipi. Zile saa nyingine zote hazikupotea vilevile: kila moja ilimwacha mtu akiona zaidi kidogo kuliko jana, na hilo ni jambo jema hata asipolijua mwingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la shibe. Burudani, watasema watu, ni ya mtu aliyekwisha kula. Darubini nzuri inagharimu magunia ya mpunga, na mwanamke anayelima, anayechota maji, anayepika na kulea, hana alfajiri ya ziada ya kuwapa ndege. Sehemu ya pingamizi hili lazima ikubaliwe: muda haukugawiwa sawa, na baraza la bao limejaa wanaume kwa sababu kuna wanawake wanaosonga ugali. Lakini tusilifanye pingamizi hilo liseme kuliko linavyoweza. Ufukara haujawahi kumzuia mtu kuwa na burudani; umezuia tu burudani yake isiitwe hivyo. Mwanamke anayekaa na ukili akifikiri rangi ipi ifuate ipi, wakati mkeka ungetandikwa hata ukiwa wa rangi moja, yumo katika jambo lilelile. Wala kutazama ndege si lazima kuwe kwa kitajiri, kwa kuwa katika majani marefu na misitu minene sikio hufanya kazi kuliko jicho, na sikio halinunuliwi. Nairobi, tangu 1971, Fleur Ng'weno amekuwa akiongoza matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, na mwenye darubini humwazima asiye nayo. Katika Msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya, vijana waliokulia vijiji vya jirani wamegeuza usikivu wao kuwa riziki, na wageni wenye vifaa vya bei mbaya huwafuata nyuma kama vifaranga.

La tatu ni kero, na katika Kilombero kero hii ina sura isiyopatikana katika vitabu vya burudani. Kuna usumbufu wa kawaida: mgeni anayekanyaga kingo za majaruba kwa kumfuata ndege, au anayepiga sauti iliyorekodiwa ili ndege ajitokeze, mpaka ndege mwenyewe anaacha kula na kulea akidhani amevamiwa. Hayo ni mambo ya adabu, na adabu hufundishika. Zito ni hofu ya ardhi. Bonde hili liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar, likiwa na kilomita za mraba 7,967, na mwaka 2012 ilifanyika operesheni kubwa ya kuondoa mifugo. Mwananchi aliyeona mambo hayo ana haki ya kujiuliza: huyu anayehesabu ndege leo, kesho nyuma yake hakuna anayekuja na mawe ya mipaka? Ni kweli kwamba hesabu za ndege na za swala aina ya sheshe huishia katika ripoti, na ripoti huishia katika maamuzi. Lakini tiba ya hofu hiyo haiwezi kuwa kuucheka uchunguzi na kuuacha mikononi mwa wengine. Ndege wa bonde hili wataendelea kuhesabiwa, wenyeji wakipenda wasipende. Kama daftari ni la mgeni peke yake, basi ushahidi utakuwa wa upande mmoja, na siku ya kujadili mpaka mwenyeji atakuwa na kumbukumbu zake kichwani tu, mahali ambapo mahakama na wizara hazisomi.

Hapo ndipo gharama ya dhihaka inapoonekana. Burudani tunayoiita upuuzi haifi kwa kuitwa hivyo. Hufanywa na wengine, nao ndio wanaotoa majina. Tazama majina rasmi ya ndege watatu wa Kilombero: burnieri, bakerorum, anderseni. Hakuna ubaya katika kuwaheshimu watu waliofanya kazi, na akina Baker waliifanya kwa miongo. Lakini linganisha na kipunji, ambaye jina la wawindaji lilimfuata mpaka kwenye Kilatini, kwa sababu kulikuwa na watu waliomtofautisha, wakampa jina, na wakasikilizwa. Ni vigumu kuamini kwamba wavuvi wa Kindamba, walioishi na matete yale vizazi na vizazi, hawakuwa na la kusema juu ya vindege vinavyoimba ndani yake. Lakini katika majina hayo matatu, sauti yao haimo.

Kwa hiyo yule mtoto aliyekaa juu ya dungu huko Michenga, debe mkononi, si kinyume cha mgeni mwenye darubini. Amewatazama ndege saa nyingi kuliko mgeni huyo atakavyowatazama katika ziara zake zote. Anajua kundi lipi linatangulia asubuhi, lipi linaogopa kombeo na lipi limekwisha kuzoea, yupi hula punje na yupi huja kwa ajili ya wadudu tu na hivyo hana haja ya kufukuzwa. Anachokosa ni mtu mzima wa kumwambia kwamba kujua hayo si utoto. Msimu wa kuamia ukifika, mpunga lazima ulindwe, na debe lipigwe. Lakini kati ya kundi moja na jingine kuna dakika za ukimya, na dakika hizo zinatosha kuandika mstari mmoja katika daftari la shule: nani amekuja, wangapi, saa ngapi, na nyumbani wanamwitaje.